Nadhiri ya Goti la Kushoto

Novemba 18

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya hasira. Ndani ya talim, nyumba hii tunamokula, kulala na kupigana mieleka, hakuna anayemjibu Vastad, mwalimu wetu. Akikutukana unainama, unamgusa miguu, unaendelea. Sasa nitamjibu humu.

Leo nimechutama na kuinuka mara mia nne, goti la kushoto likaanza kuchoma chini ya pia, nikapunguza kasi. Mzee yule hawezi kusoma gazeti bila miwani, lakini mtu akipunguza kasi humwona hata akiwa upande wa pili wa ukuta.

"We Hindurao! Unachutama au unataga?"

Wote thelathini wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Jotiram, ambaye mkeka wake umegusana na wangu kwa miaka sita.

Novemba 19

Limeuma.

Novemba 20

Limeuma. Vastad kaniuliza, nikasema halijauma.

Novemba 24

Niandike mambo yalivyo, maana kichwani yananizunguka tu.

Mwezi wa Chaitra uliopita, kati ya Machi na Aprili, kwenye jatra, sikukuu ya mungu wa kijiji chetu, mbele ya kila mtu aliyenijua tangu nikiwa mchanga, mtu wa mji wa Satara alinibwaga chali kabla ya dakika ya pili. Hakuwa na nguvu kunizidi. Nilikanyaga mguu wa kushoto ili nimwinue, goti likakataa. Mwaka ule nilishachomwa sindano tatu na yule mganga anayezunguka na pikipiki na kisanduku, tunayemwita Kampaunda. Kila sindano ilinipa wiki tatu za raha, kisha maumivu yakarudi yakiwa yamenona. Jioni nalala kifudifudi, wenzangu wananikanda goti kwa mafuta ya ufuta na vidole gumba mpaka machozi yananitoka, nami nasema, "Kaza, kaza." Ndivyo tulivyofundishwa.

Chaitra ijayo mtu wa Satara anarudi. Vastad bado hajatangaza nani atapambana naye. Ama mimi, ama Jotiram. Nina miaka ishirini na minane. Nisiposimama uwanjani safari hii, kilichobaki kwangu ni kukata miwa na kusimuliwa mieleka ya wengine.

Desemba 2

Nimekwenda nyumbani kula. Mama kaniangalia nikiinuka kutoka sakafuni, kijiko kikamganda mkononi.

"Mwanangu, unainuka kama babu yako. Na babu yako ameshakufa."

Amenichukulia siku kwa mtaalamu wa viungo mjini. Nimegombana naye. Nimeshindwa.

Desemba 3

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la makubadhi, kinanuka ngozi mbichi. Mtaalamu ni msichana. Shabnam Mujawar. Mwembamba, sauti kama ya karani wa posta, mikono ambayo ningeweza kuivunja kwa kupiga chafya. Mimi nina kilo tisini na sita.

"Kaka Hindurao, maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi, ni ngapi?"

"Moja."

"Moja, na umesubiri miaka miwili kuja?"

"Mama ndiye anayetaka."

Kanibonyeza chini ya pia ya goti. Nikaona nyota. Nikasema, "Moja na nusu."

Anasema kano yangu, ule ugwe unaoshika pia ya goti na mfupa wa mguu, imechakaa kwa kazi ya haraka isiyo na mapumziko. Kuikanda ni kuichokoza. Sindano inainyamazisha huku inaila. Lakini kulala tu nako kunaidhoofisha. Dawa ni mzigo: kuchutama na kitu kizito, polepole, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, siku moja ndiyo, siku moja hapana, wiki kumi na mbili au zaidi. Na kila mara nimwambie namba. Ikifika nne nipunguze, ikiwa chini aongeze.

"Na zile mia tano za haraka mnazochutama kila asubuhi, uache."

Nimechutama tangu nina miaka kumi na moja. Anasema niache kama vile ananiambia niache kutafuna ugoro.

Desemba 10

Kanipa chuma begani. Namba? Moja. Kaongeza.

Desemba 17

Namba? Moja. Kaongeza tena. Asubuhi iliyofuata nimeamka mguu umekakamaa kama ubao.

Desemba 26

Namba? Mbili. Nilisema mbili ili asinione mwongo. Kaongeza.

Msichana huyu ananiua. Nimemweleza Jotiram hivyo hivyo, naye kasema, "Si ulikwenda mwenyewe kwa watu wa kliniki. Mpiga mieleka anatibiwa na udongo." Kisha akaingia kwenye shimo tunamopigania mieleka, akajifukia magoti yote mawili kwa ule udongo mwekundu uliochanganywa mtindi, manjano na ndimu, akafumba macho kama mtakatifu. Nilitamani kumfukia kabisa.

Januari 6

Leo kumekuwa na ugomvi wa kweli. Nilikwenda kwa Shabnam kumwambia dawa yake ni upuuzi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na yalikuwa maneno mazuri.

"Goti limekuwa baya kuliko nilipokuja," nikasema.

"Baya namba ngapi?"

"Mbili."

Akanilaza, akaweka kidole gumba pale pale, akabonyeza, lakini safari hii alikuwa hatazami uso wangu. Alikuwa anatazama miguu.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Vidole vya miguu yako vimejikunja mpaka vinagusa wayo. Vyenyewe vinasema saba."

Nikavikunjua.

"Umenidanganya tangu siku ya kwanza?"

"Sijakudanganya. Kwetu mtu hasemi anaumia."

"Kwenu wapi?"

"Talim."

Akavua miwani. Nilidhani atalia, wasichana wa mjini wanalia. Akanifokea. Akanifokea hivi kwamba muuza makubadhi alichungulia mlangoni.

"Mwezi mzima mimi nakuwekea mzigo wa mtu anayeumwa moja! Nimekuwa nikitibu goti la mtu mwingine, mtu ambaye hayupo! Wewe hapo mwenye saba sijakugusa bado! Unajua nimekuongezea mara ngapi? Mara tatu! Halafu unakuja kunambia dawa mbaya? Toka. Ukiwa tayari kuhesabu kama mtu mzima, rudi. Kama huwezi, nenda kajifukie kwenye tope lako."

Nimetoka. Hakuna mwanamke aliyewahi kunisemesha vile, hata mama. Nimekaa kwenye kituo cha basi nikisaga meno. Basi likaja, nikaliacha. La pili likaja, nikaliacha.

Nikarudi. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Saba. Asubuhi nane."

"Ingia," akasema. "Tunaanza upya. Wiki tano zimekwenda bure, na kosa ni lako."

Namchukia. Lakini kwa mara ya kwanza mtu kajua.

Januari 14

Sankranti. Siku ya kupeana vidonge vya ufuta na sukari guru na kuombana maneno matamu. Vijijini matanuru ya sukari guru yanawaka, moshi mtamu umetanda mpaka shimoni.

Vastad kanitilia kidonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kisha kabla sijameza akasema mbele ya wote, "Nimesikia unanyanyua chuma kwa mwanamke. Chuma kinamkausha mpiga mieleka. Ukigusa tena, kusanya mkeka wako."

Hayo ndiyo maneno yake matamu. Nani kamwambia? Ni mmoja tu niliyemweleza. Jotiram alikuwa ameinamia sahani yake, anatafuta ufuta ulioanguka.

Januari 16

Nimemweleza Shabnam habari ya chuma.

"Kano haijui chuma," akasema. "Inajua uzito. Huko kwenu hakuna kitu chochote kizito?"

Kipo. Ukutani, chini ya picha ya Maruti, mungu wa nguvu anayeabudiwa na wapiga mieleka, pamening'inia pete ya jiwe, duara lenye tundu la kupitisha kichwa. Wazee waliivaa shingoni wakichutama. Inakaribia kilo arobaini. Siku hizi hutiwa shada la maua Jumamosi na kuogopwa siku nyingine zote.

Nikiishusha bila sababu, Vastad atanivunjia fimbo mgongoni. Lazima sababu iwe kubwa kuliko Vastad.

Januari 18

Jumamosi. Nimefanya jambo ambalo sijui nicheke au nitubu.

Baada ya ibada nimesimama mbele ya Maruti na kutangaza nadhiri. Mpaka jatra ya Chaitra sitachutama ila nimevaa jiwe. Nitashuka polepole nikilitaja jina lake mara tatu, nitapanda nikilitaja mara tatu. Siku moja nitachutama, siku moja nitapumzika. Na mguu wangu wa kushoto usiguswe na mkono wa mtu yeyote.

Kila sharti la Shabnam limo humo. Vastad alinikazia macho kwa muda mrefu. Kisha akashusha jiwe kwa mikono yake na kunivika.

"Ikiwa ni ya Maruti," akasema, "nani aseme kitu."

Januari 20

Shabnam kacheka mpaka kashika meza.

"Maruti wako kasomea wapi mambo ya viungo?"

Sikutaka kucheka. Nimecheka kidogo.

Januari 27

Tano.

Februari 3

Tano. Asubuhi, nne.

Februari 9

Nne. Baridi imeondoka, miwa imekatwa mpaka barabarani. Vastad anapita karibu yangu nikichutama, haneni. Zamani nilidhani ukali wake ni elimu. Sasa namtazama anavyotembea, magoti yake mwenyewe yamepinda nje, ananyanyua kila mguu kwa mkono akikaa, na bado anawapigia kelele watoto wa watu waongeze kasi. Mtu huyu hakufundishwa kitu ila kuvumilia, na ndicho anachogawa.

Februari 19

Jotiram anachechemea. Anajificha, lakini mimi naujua ule mwendo, niliutembea miaka miwili. Leo alikuja nikiwa navua jiwe. Akachuchumaa karibu, akaanza kuchora udongo kwa kidole.

"Hindya, kaka. Naona goti lako limeanza kutulia."

"Kidogo."

"Ni nadhiri?"

"Ni nadhiri."

"Nami langu linaniua. La kulia. Kumi kila siku, nakwambia wewe tu." Hajui hata habari ya namba, ilimtoka tu. "Nikiweka nadhiri kama yako, jiwe hilo hilo, tupokezane siku? Unanielekeza unavyofanya."

Nilimalizia kulivua jiwe. Niliona mkeka wake ukigusana na wangu kwa miaka sita. Niliona pia kidonge cha ufuta mdomoni mwangu, na kisogo chake kikiinamia sahani. Na jatra. Vastad bado hajatangaza.

"Nadhiri haigawanywi," nikamwambia. "Ukichukua ya mtu, inageuka."

"Sawa," akasema. Aliniamini. Akaenda kukandwa.

Februari 21

Shabnam: "Yule mwenzako niliyekuona naye sokoni, anayevuta mguu wa kulia. Mlete. Sihitaji kitu kwake, mlete tu."

"Nitamwambia."

"Na Kampaunda wenu asimsogelee. Kano iliyochoka ukiichoma sindano halafu ukaibebesha mtu wa kilo mia, inaweza kukatika. Haitachanika kidogo, itakatika. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Sikumwambia Jotiram.

Machi 5

Tatu.

Machi 14

Joto. Udongo wa shimoni unamwagiwa maji mara mbili kwa siku, bado vumbi. Leo nimeshindana kwa mara ya kwanza, nikamwinua mtu wa kilo tisini nikiwa nimekanyaga mguu wa kushoto. Nilisimama naye juu kama mjinga nisitake kumshusha.

Machi 19

Shabnam anasema nisiringe, kano bado inajijenga, inahitaji miezi. Lakini kupigana naweza.

Machi 30

Mwaka mpya wetu. Vastad katangaza: mimi. Jotiram alinikumbatia. Mwili wake ulikuwa umelegea, nami moyoni nilifurahi kuuona umelegea. Naandika hivi kwa sababu hapa nimeapa kutodanganya.

Aprili 6

Mawingu kila alasiri, ngurumo, hakuna mvua. Watu wote wana hasira. Wawili wamepigana wakigombania ndoo ya maziwa.

Aprili 12

Leo ilikuwa jatra.

Uwanja ulijaa mpaka juu ya miti. Mbingu upande wa magharibi ilikuwa nyeusi. Nilikuwa ndani ya hema nimeshajifunga winda, nimejipaka udongo, goti limetulia tuli, wakati Vastad alipoingia na Kampaunda na kisanduku chake. Jotiram alikuwa amekaa pembeni ananishikia taulo.

"Mguu," akasema Vastad.

"Vastad, sihitaji. Limepona."

"Mwaka jana pia ulisema halijauma."

Alikuwa na haki hapo. Kila siku ya miaka hii nimemwambia halijauma, sasa nasema kweli na sauti ni ile ile.

"Safari hii ni kweli. Nitapigana bila sindano."

"Bila sindano hupigani. Sitaaibika mara mbili na goti moja."

"Basi sichomwi."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Mashavu yake yalitetemeka. Nilidhani atanipiga, na ningekubali kupigwa. Badala yake akageuka.

"Jotiram. Vua shati."

Jotiram alinitazama. Sikutazama pembeni. Alivua shati, akajifunga winda, akanyoosha mguu wa kulia, na Kampaunda akafungua kisanduku.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Maneno ya Shabnam yalikuwa kinywani mwangu, yote, kwa mpangilio. Ilinipasa kusema sentensi moja. Nilichosema moyoni ni: mwache. Alinichongea, amechukua pambano langu, acha ajionee. Sindano iliingia. Akakunja na kukunjua mguu, uso ukamng'aa.

"Hindya, hakuna maumivu kabisa!"

Alipigana vizuri. Niseme kweli, alipigana kuliko ambavyo ningepigana mimi. Dakika ya sita alimshika mtu wa Satara kiunoni, akakanyaga mguu wa kulia amwinue. Tulisikia mlio mpaka nyuma, kama kamba ya kisimani inapokatika. Jotiram alikaa chini. Hakupiga kelele. Pia ya goti lake ilikuwa imepanda juu, katikati ya paja, na alikuwa anaitafuta kwa mikono mahali ilipokuwa.

Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia miti. Vastad alibaki katikati ya uwanja, analowa, anauliza, "Nini? Kafanya nini?" Nilimbeba Jotiram mgongoni mpaka kwenye gari. Kilo tisini na tisa, kwenye tope. Goti langu lilimbeba.

Aprili 13

Wamempasua. Kano imeshonwa.

Aprili 14

Vastad hajatoka chumbani. Nimekunja mkeka wangu bila kufukuzwa.

Aprili 16

Nimekwenda hospitali. Wodi ya ghorofa ya tatu. Jotiram kalala, mguu umefungwa kuanzia nyonga hadi kifundo. Daktari kamwambia atatembea. Kuhusu mieleka hakumwambia kitu, naye hakuuliza.

Mama yangu alikuwa amempelekea mikate ya mtama na mchuzi mweupe wa mbuzi. Jotiram alikuwa hajala. Aliponiona akatabasamu, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kaa, Hindya. Unajua nimelala hapa nawaza nini? Maruti alikupenda wewe. Sisi wote tumemtumikia sawa, ila kakuchagua wewe. Sina kinyongo."

Ningeweza kuitikia tu, nikamwekea mkate karibu, nikaondoka nikiwa mteule wa Maruti.

"Haikuwa nadhiri," nikasema.

"Nini?"

"Ilikuwa dawa. Ya yule dada wa kliniki. Mzigo, polepole, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nadhiri niliitunga ili Vastad asinizuie. Ungeweza kufanya na wewe. Dada aliniambia nikulete, na hakutaka kitu kwako. Akaniambia pia sindano inaweza kukatisha kano."

Feni ilizunguka juu yetu, inalia kila ikifika upande wa dirisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza ukutani kwa heshima.

"Siku ile nilipokuomba," akasema Jotiram, "ulikuwa unajua?"

"Dawa nilikuwa naijua."

"Na kwenye hema?"

"Nilikuwa najua yote."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa. Nilitaka anirushie sahani, aniite kila jina ambalo nimemwita yeye humu.

"Mimi sikumwambia Vastad habari ya chuma," akasema. "Aliambiwa na muuza makubadhi, ni shemeji yake. Nilidhani unajua." Kisha akafumba macho. "Nenda, Hindurao."

Tangu tufahamiane hajawahi kuniita kwa jina kamili.

Nimetoka. Nimeshuka ghorofa zote tatu bila kushika ukuta, ngazi baada ya ngazi, mguu wa kushoto kama mguu wa kulia, na goti halikuuma hata kidogo.